CT 200h, A3, BMW 1 Series au A-Class: lipi litakurudishia hela siku ya kuuza

Fundi wa mnunuzi hakufungua boneti. Alikaa kwenye usukani wa Mercedes A180 ya jirani yangu, injini ikiwa bado ya baridi, akakanyaga breki, akatia D kwa kile kijiti cha pembeni mwa usukani, akasubiri. Akatia R, akasubiri. Akarudi D. Mkono wa kushoto alikuwa ameulaza juu ya dashibodi, kiganja wazi, anasikiliza mtetemo. Alifanya hivyo mara nne, akashuka, akamvuta tajiri wake mpaka ukutani wakanong'onezana. Waliporudi bei ilikuwa imeshuka milioni tatu, na hakuna aliyekuwa ameuliza kilomita wala kupapasa rangi.

"Gia inachelewa kushika ikiwa ya baridi." Hayo tu ndiyo aliyotuambia.

Jirani yangu alinyong'onyea. Gari aliliagiza Japani mwenyewe, akalilipia kila kitu, akaamini kwamba nyota ile ya mbele ingemlindia hela yake. Nimekaa naye Jumamosi mbili za namna hiyo, na tangu siku hiyo nimewaambia ndugu zangu wote wanaotaka gari dogo la kifahari jambo lile lile: hapa Dar bei ya kuliuza tena haipangwi na nembo. Inapangwa na giaboksi, na idadi ya mafundi wanaoweza kuligusa bila kubahatisha.

Nalinganisha magari manne ambayo mtu mwenye hela ya kati huwa anayaweka mezani pamoja: Lexus CT 200h, Audi A3 ya milango mitano, BMW 1 Series na Mercedes A-Class. Yote ni mafupi, yote yana mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na yote yanapendeza ukiwa nayo barabarani. Siku ya kuuza ndiyo yanapoachana.

Kodi kwanza, maana ndiyo inayoshikilia bei

Watu huangalia bei ya Japani wakasahau kwamba gari likishasajiliwa, sehemu kubwa ya thamani yake hapa ni kodi iliyokwisha kulipwa. TRA, Mamlaka ya Mapato, inachukua ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani ya gari likiwa bandarini, kwa hesabu yao wenyewe, si kwa risiti uliyonayo wewe. Unakuja ushuru wa bidhaa: injini isiyozidi cc 1000 hailipi, ya cc 1001 mpaka 2000 inalipa asilimia 5, kubwa zaidi asilimia 10. Halafu ule tunaouita uchakavu: gari la miaka 8 mpaka 10 linaongezewa asilimia 15, lililovuka miaka 10 asilimia 30. VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote.

Ukipiga hesabu kwa gari la cc 1001 mpaka 2000, kila milioni moja ya thamani inazaa kodi ya kama shilingi 549,000 gari likiwa chini ya miaka 8. Likiwa na miaka 8 mpaka 10 inakuwa 770,000. Likivuka 10 inafika 991,000, yaani unalinunua mara mbili. Hapo bado tozo ndogo ndogo na gharama za bandari.

Hizo ngazi mbili, ya miaka 8 na ya 10, zina faida kwa mwenye gari ambayo wengi hawaioni. Ukiingiza gari likiwa na miaka 7, mwaka unaofuata mwenzako anayeagiza gari la mwaka ule ule analipa uchakavu ambao wewe hukulipa. Ni kweli thamani ya kule Japani nayo inashuka, lakini kodi yake imepanda, kwa hiyo mporomoko wa bei ya gari lako unapata breki kidogo. Aliyeingiza gari la miaka 11 hana breki hiyo. Kodi ya juu kabisa ameshailipa, na kila anayemfuata analipa kiwango hicho hicho juu ya thamani iliyopungua.

Kenya mambo ni tofauti kabisa. Gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii, basi. Ndiyo maana A3 ya 2013 iliyoko Nairobi leo haina mshindani mpya anayeshuka Mombasa, na mwenye gari zuri la umri huo anaweza kusimama kwenye bei yake kwa muda. Anayesoma hapa akiwa huko ayapime maneno yangu kwa kipimo hicho.

Kuna na suala la namba ya usajili. Kwetu mnunuzi anauliza "namba gani?" kabla ya kuuliza mwaka. Namba ambayo herufi zake zinaanza na E inamwambia kwamba gari limekanyaga mashimo yetu kwa muda mfupi, namba D za mwanzo zinamwambia kinyume. Herufi hizo hazisemi chochote kuhusu mwaka wa kutengenezwa, lakini zinaingia kwenye bei. Gari la 2014 lenye namba D ya zamani linaweza kuuzwa chini ya la 2012 lenye namba E. Ukiwa mnunuzi, hapo pana nafasi yako: tafuta gari lenye mwaka mzuri na herufi za zamani, mradi fundi wako ameridhika.

Lexus CT 200h

Hili lilianza kuuzwa 2011 na uzalishaji wake ukaishia 2022, kwa hiyo soko lina miaka mingi ya kuchagua. Chini ya ngozi ya Lexus kuna injini ya Toyota Prius ile ya 2009 mpaka 2015, 2ZR-FXE ya lita 1.8 yenye mfumo wa haibridi. Halina klachi, halina starta ya kawaida, halina jenereta inayozungushwa na mkanda. Giaboksi yake ni gia za sayari na mota mbili za umeme, na kwa yale majaribio ya D na R ya fundi wa mnunuzi, halina cha kuonyesha. Linatulia tu. Aliyezoea Prius, na mjini wapo, anajua pa kushika.

Kinachokata bei ya CT ni woga wa betri. Mnunuzi akisikia neno haibridi anawaza mamilioni, na dalali naye anamwongezea chumvi. Ukweli ni kwamba betri ile ni ya nikeli, imeundwa kwa moduli 28 zinazoweza kupimwa na kubadilishwa, na mara nyingi kinachoiua ni joto. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu lenye kichujio ambapo feni inavuta hewa ya ndani ya gari kuipoza betri. Niliwahi kuchomoa kichujio cha CT moja iliyotangazwa kuwa haina tatizo: vumbi jekundu la barabara ya mtaani lilikuwa limeganda na nywele na nyuzi za kapeti mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Betri ile ilikuwa inapumulia pazia, na mwenye gari miaka yote hakujua kwamba kitu hicho kipo.

Tatizo la pili la CT ni la injini yenyewe, na wauzaji wengi hawalitaji. Mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini huziba masizi, joto halisambai sawasawa, na mwisho gasketi ya silinda hedi inakufa. Dalili yake ni injini kutikisika sana sekunde chache asubuhi inapowaka, na maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanapovuja. Ukinunua, fika alfajiri, kabla mwenye gari hajaliwasha. Ukilimiliki, safisha mfumo huo mapema na utunze risiti.

Mimi naliweka la kwanza kati ya manne kwa kurudisha hela, kwa sharti moja: siku ya kuuza uwe na majibu ya kipimo cha betri. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu kwenye simu vinaonyesha volti za kila jozi ya moduli, zote 14. Mnunuzi akiona zote zinakaribiana huku gari linapanda kilima, hoja ya dalali inaisha. Bila kipimo hicho utauza kwa bei ya woga wake. Na uwe tayari kwamba wateja watakuwa wachache, kwa sababu gari liko chini sana na nyuma ni finyu. Mwenye hela hiyo hiyo anaweza kuchukua Harrier ya zamani, ile tako la nyani, akapita kwenye madimbwi ya masika bila wasiwasi. Hilo linayabana magari yote manne, si CT peke yake.

Audi A3

Hapa lazima tutenganishe vizazi, maana soko linavichanganya na ndiyo sababu ya wengi kuumia. A3 ya zamani, inayoitwa 8P, iliisha karibu na 2013. Injini zake ndogo za turbo za lita 1.4 zilisumbua kwa cheni ya taimingi, na za lita 1.8 zikapata sifa ya kunywa oili. Iliyofuata, 8V, ilikuja na injini mpya kabisa ya lita 1.4 yenye mkanda badala ya cheni, kwenye jukwaa moja na Golf 7. Ni injini nzuri kwelikweli, nyepesi, na mafuta hainywi sana. Lakini mnunuzi wa mtaani akisikia Audi anakumbuka ile ya shemeji yake iliyokuwa inatoa moshi wa buluu, na wewe mwenye 8V unalipishwa deni la 8P.

Kwenye spea A3 ina ndugu wengi. Bushi, sensa, koili na pampu ya maji ni vya familia moja na Golf, na vinapatikana Gerezani au kwa wanaoleta vipuri vya Golf kutoka Dubai. Usitaje Audi unapouliza bei. Taja Golf 7, au peleka namba ya kipuri peke yake. Tofauti utaiona kwenye risiti.

Giaboksi ndiyo inayoipotezea A3 nafasi ya kwanza. A3 nyingi za lita 1.4 zina S tronic, otomatiki ya Audi, ya gia saba yenye klachi mbili kavu, DQ200. Novemba 2013 Volkswagen ilitangaza kuita karibu magari milioni 1.6 duniani yenye giaboksi hiyo ili kubadilishwa oili, kwa sababu oili ya awali ilikuwa inaweza kuleta hitilafu ya umeme ndani yake, hasa kwenye nchi za joto na foleni. Joto na foleni, yaani Ubungo saa kumi na mbili jioni. Klachi kavu haipendi kusogea hatua mbili na kusimama. Ikichoka inaanza kutetemeka ukitia gia ya kwanza kwenda ya pili, na mekatroniki yake, kile kitengo cha umeme kinachoiendesha, ikifa, gari linasimama pale pale. Unaweza kupata mekatroniki iliyotumika, lakini haifungwi kama kibuyu cha shokapu, lazima ipangwe upya na kompyuta, na wanaojua kazi hiyo vizuri ni wachache.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka A3 ni kutafuta 8V ya lita 1.8 quattro, inayosukuma magurudumu yote manne, yenye gia sita, ambayo klachi zake zinaogelea kwenye oili. Inakula mafuta zaidi na inauzika kwa amani zaidi. Ile yenye injini ya cc 999 haina ushuru wa bidhaa, kwa kila milioni ya thamani unaokoa kama shilingi 74,000 hivi. Ni kitu, ila hakitoshi kuwa sababu ya kuchagua gari.

BMW 1 Series

Watu wanaiogopa BMW kuliko A3, na kwa upande wa giaboksi wanakosea. Kizazi cha F20, kilichotoka 2011 mpaka 2019, kina otomatiki ya ZF ya gia nane, ya kawaida yenye torque converter, si klachi mbili. Ni miongoni mwa giaboksi zinazoaminika zaidi katika magari ya Wajerumani, na BMW waliiweka kwenye familia kubwa ya magari yao. Fundi akifanya D na R hapati kitu. Tena ndicho kizazi cha mwisho cha 1 Series kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma, na wapo watu watakaokilipia kwa sababu hiyo peke yake.

Injini ndiyo ya kuangalia. 116i na 118i za mwanzo zina N13 ya lita 1.6, yenye tabia ya kuvuja maji na oili kwenye sehemu za plastiki zikishapikwa na joto. Kuanzia 2015 ikaja ya silinda tatu, lita 1.5, ambayo ningeipendelea. Ya dizeli yenye injini ya N47 nisingemshauri ndugu yangu yeyote, maana cheni yake ya taimingi iko nyuma ya injini na kuigusa ni kushusha mashine nzima.

Zile 116i za kizazi cha kwanza, za 2004 mpaka 2011, zimejaa mjini kwa bei ya kuvutia. Hizo zimeshashuka karibu mwisho wa ngazi. Ukinunua utapoteza kidogo kwenye bei na kingi gereji.

Mercedes A-Class

Narudi kwa jirani. A180 yake ni W176, kizazi cha 2012 mpaka 2018, injini ya lita 1.6 ya turbo na giaboksi ya klachi mbili za kwenye oili. Si giaboksi mbaya. Inataka kubadilishiwa oili na kichujio kwa wakati, basi. Shida ni kwamba kizazi kilichotangulia, W169, pamoja na ndugu yake B170, kilikuwa na CVT, giaboksi isiyo na hatua za gia, ambayo bodi yake ya umeme ndani ikiharibika gari linagoma kutembea, na hapa mjini yako mengi yaliyoegeshwa chini ya miembe kwa sababu hiyo. Kwa hiyo A-Class ikitetemeka kidogo tu, mnunuzi haoni oili chafu, anaona ule mwembe.

Kwa macho ndilo linalovutia watu wengi zaidi kati ya manne, na tangazo lake linapigiwa simu kuliko la CT. Simu nyingi hazikuleta bei nzuri. Mteremko wake ndio mkali kuliko yote niliyoyafuatilia.

Weka kwenye karatasi

Tuseme unanunua gari la kwanza kwa milioni 28 na baada ya miaka mitatu unaliuza 23. La pili unalinunua milioni 24, linakula milioni 3 za giaboksi, unaliuza 14. La kwanza limekugharimu milioni 5, sawa na shilingi 139,000 kwa mwezi. La pili limekugharimu milioni 13, sawa na 361,000 kwa mwezi. Namba hizi ni za mfano, badilisha uweke zako, lakini fanya hesabu hiyo kabla ya kuvutiwa na ile milioni 4 ya mwanzo.

Ndiyo maana swali la kuagiza au kununua mkononi lina majibu mawili. CT agiza, kwa sababu inashuka taratibu na unataka kuanza na betri unayoijua historia yake. Iwe chini ya miaka 8 ukiweza, uombe karatasi ya mnada yenye daraja la gari, na uitunze kwenye faili moja na kadi. Ikitoka Uingereza, ingiza namba yake ya usajili kwenye tovuti ya serikali yao usome historia ya MOT, ukaguzi wao wa lazima wa magari, bure: kila ukaguzi una kilomita zake, tena kwa maili, kwa hiyo aliyerudisha kilomita utamkamata. Chungulia chini pia, chumvi ya barabara zao za baridi inakula vyuma.

Magari ya Mjerumani, yote matatu, nunua mkononi hapa hapa, kwa mtu aliyeagiza mwenyewe na kukaa nalo miaka miwili au mitatu. Anguko kubwa la bei ameshalibeba yeye. Chagua BMW ya 2015 kwenda juu, au A3 ya gia sita. A-Class chukua ukiipenda tu, na risiti ya oili ya giaboksi uione kwa macho yako.

Jirani yangu hakuuza siku ile. Alilipeleka gari kwa fundi mwenye mashine ya Mercedes, wakabadilisha oili ya giaboksi na kichujio, wakaifundisha upya sehemu za kushika klachi. Ilimgharimu chini ya milioni moja. Mnunuzi wa tatu alikuja na fundi wake, mwingine kabisa, naye akakaa kwenye usukani injini ikiwa ya baridi, D, R, D, kiganja juu ya dashibodi. Alipoinua mkono alimgeukia jirani akauliza kama risiti ya oili ipo. Ilikuwepo, ndani ya bahasha moja na kadi. Walikata laki nane tu.